Mvua si baraka kila mahali: jinsi maneno na taswira zinavyozaa ishara katika shairi la maumbile

Kila mwaka watahiniwa wa KCSE huketi kufanya karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya Fasihi, na humo hukutana na swali la ushairi lenye alama 20. Mara nyingi shairi hutaja jua, mvua, mti, mto au bahari, kisha mtahini huuliza mambo hayo yametumiwaje. Hapo ndipo wengi hukimbilia orodha waliyokariri: mvua ni baraka, jua ni matumaini, kijani ni uhai, jangwa ni mauti, usiku ni maovu. Orodha hiyo ni nyepesi kubeba, lakini si elimu ya ushairi.

Sisi wa Pwani tunaweza kuishi na orodha hiyo bila kuona kasoro yake, kwa sababu sehemu kubwa imetokana na mashairi yetu wenyewe. Mwanafunzi wa Lodwar au wa Kakuma hana raha hiyo. Yeye huambiwa kwamba bahari ni maisha naye hajaiona, kisha huambiwa kwamba nchi aliyozaliwa ndani yake ni ishara ya kifo. Ndiyo maana nimechagua Turkana kuwa uwanja wa makala haya. Ukielewa jinsi ishara inavyozaliwa kule, utaielewa popote.

Istilahi tatu zisizofanana

Tuanze na uteuzi wa maneno. Mshairi anapoacha neno moja na kushika lingine lenye maana ya karibu, ameteua. Jangwa, nyika, pori, ukame na ukavu hayako sawa. Jangwa hutaja mahali pasipo na kitu. Nyika ni mahali pakavu lakini pana majani, mifugo na watu. Ukame ni hali ya muda, huja na huondoka. Mshairi akiiita Turkana jangwa, amekwisha kutoa hukumu. Akiiita nyika, ameacha mlango wazi. Akisema kuna ukame, anatuambia tusubiri.

Pili ni taswira, yaani picha inayojengwa akilini kwa maneno. Picha hiyo si ya macho peke yake. Kuna taswira ya kuona, ya kusikia, ya kugusa, ya kunusa, ya kuonja, na ya mwendo. Vumbi linaloonekana likipaa ni jambo moja, na vumbi linalosagika menoni ni jambo jingine kabisa.

Tatu ni ishara, ambayo wengine huiita taashira. Hiki ni kitu kinachobaki kuwa kitu chenyewe ndani ya shairi, na papo hapo kikasimamia jambo kubwa kuliko umbo lake. Hapa ndipo wanafunzi huichanganya na istiari. Ukisema "mama ni mti", hiyo ni istiari, wala hakuna mti wowote pale. Lakini shairi likiwa na mti wa kweli, watu wakakaa chini yake, wakaamua mambo yao, wakarudi tena na tena, mti ule huwa ishara bila mtu yeyote kusema unafanana na nini. Kwa Waturkana jambo hili si la vitabuni. Wazee hukutana chini ya mti, na mti wa wanaume ni baraza hasa. Ukiukata, hukukata kuni tu.

Kwa ufupi, neno huzaa picha, na picha ikirudiwa au kuwekwa mahali pazito huzaa ishara. Ishara haitoki mbinguni wala katika orodha.

Pwani tulivyofundishwa na mnazi

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alichapisha utenzi wake *Umbuji wa Mnazi* mwaka 1985. Anayeusoma hujua mara moja kwamba mshairi hakuridhika na neno "tunda". Kila umri una jina lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mtu akiandika juu ya dafu, msomaji wa Pwani huona ujana, maji matamu, ngozi laini. Akiandika koroma, huona kitu kilicho katikati, si dafu tena wala hakijawa nazi. Ukitaka ishara ya kijana aliyekwama kati ya utoto na utu uzima, koroma ipo tayari. Huhitaji kueleza.

Basi je, Turkana hakuna? Lugha ya Kiturkana ina msamiati mpana wa rangi na mabaka ya mifugo, na mwanamume huweza kuitwa kwa jina linalotokana na rangi ya fahali anayempenda. Misimu nayo ina majina yake: *akiporo* ni wakati wa mvua na malisho, *akamu* ni wakati wa kiangazi. Mfugaji anapotamka *akamu*, ndani ya neno hilo kuna kuhama, kuna kugawana familia na mifugo, kuna maziwa kupungua. Kwa mwenye lugha hiyo, jina la msimu tayari ni nusu ya shairi.

Majina ya mahali nayo hubeba picha

Tazama ziwa lenyewe. Mwaka 1888 msafiri Teleki alilipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, likaitwa Rudolf. Mwaka 1975 likaitwa Ziwa Turkana. Watalii wameliita pia bahari ya jade, kwa rangi yake ya kijani inayotokana na mwani. Maji ni yale yale. Jina la kwanza linatupa mtu wa mbali asiyewahi kuyanywa, la pili linatupa watu wanaoishi ufukoni, la tatu linatupa kito cha dukani. Mshairi anapochagua moja kati ya hayo, msimamo wake umeshajulikana kabla ya ubeti wa pili.

Lodwar ina mzigo wake pia. Serikali ya kikoloni ilimfunga Jomo Kenyatta Lokitaung kuanzia 1953, kisha ikampeleka Lodwar mwaka 1959, akakaa huko hadi 1961. Wakoloni walichagua kaskazini kwa sababu waliamini nchi ile peke yake inatosha kuwa ukuta. Tangu hapo, katika mazungumzo ya Wakenya wengi, kutaja Lodwar ni kutaja mbali, joto na adhabu. Lakini hiyo ni ishara iliyotengenezwa na mwenye funguo za jela. Mtoto aliyezaliwa kando ya Mto Turkwel hana sababu ya kuirithi. Akiandika shairi, ana haki ya kuifanya Lodwar ishara ya nyumbani, mradi maneno yake yaijenge hivyo.

Beti tatu za kujifunzia

Badala ya kuchambua shairi la mtu mwingine, nimetunga beti tatu fupi kwa ajili ya somo hili. Laga, kwa asiyejua, ni mkondo wa mto wa msimu. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

*Laga limelala chali, mdomo wazi juani,*
*Haliulizi suali, latazama tu mbinguni,*
*Mama kaja toka mbali, na dumu lake kichwani,*
*Afukua kwa akili, amana i mchangani.*

*Mbingu i safi yawaka, wala wingu halijawa,*
*Mara mlio wazuka, mbuzi wote watambuwa,*
*Laga lile lainuka, limefura limekuwa,*
*Lachukua likitaka, na asoomba hupewa.*

*Kando wabaki mkoma, maji yamekwenda mbele,*
*Shina lake limegoma, limeketi pale pale,*
*Mama yuwaja kuchuma, majani asuke tele,*
*Na laga limeshazama, usingizini mwa kale.*

Ni tarbia ya kawaida, mizani nane kwa nane. "Watambuwa" na "limekuwa" zimeandikwa hivyo kwa ajili ya kina na kwa matamshi ya Pwani. "Asoomba" ni asiyeomba. Hiyo ni inkisari, na mshairi ana uhuru wake.

Tulisome neno kwa neno

Ubeti wa kwanza. Ningeweza kusema laga "ni kavu". Nimesema "limelala chali, mdomo wazi". Neno "chali" hutumiwa kwa mtu au mnyama, na huwa na mashaka ndani yake: aliyelala chali huenda amechoka, huenda amekufa. Huo ni uhuishaji. Taswira ni ya kuona, lakini "mdomo wazi" inatuletea kiu, na kiu husikika kooni. Kisha laga "haliulizi suali". Kitu kinachoweza kuuliza ni kitu chenye akili, kwa hiyo ukimya wake si wa maiti, ni wa mwenye subira. Tayari msomaji ameshuku kwamba laga hili si mchanga tu.

Halafu anakuja mama. Kule Turkana watu huchimba visima katika mchanga wa laga na kupata maji chini yake. Hilo ni jambo la kila siku, na wanaolifanya zaidi ni wanawake na wasichana. Ningeweza kuandika "maji yapo mchangani", na mizani ingetosha. Nimeandika "amana". Amana ni kitu ulichowekewa na ambacho mwenyewe atarudi kukidai. Kwa msomaji wa Pwani lina uzito wa dini pia, kwani amana sharti irudishwe kwa mwenyewe. Kwa neno hilo moja laga limegeuka kutoka mfu hadi mtunzaji. Ukitaka kujua uteuzi wa maneno una nguvu gani, weka "maji" mahali pa "amana" kisha usome tena. Picha inabaki, lakini ishara inapungua nguvu.

Ubeti wa pili ndio unaovunja ile orodha. Mbingu ni safi, hakuna wingu, na bado mafuriko yanakuja. Mtu wa Mombasa atashangaa, wa Turkana hatashangaa. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, lakini mito yake hubeba mvua ya mahali pengine. Turkwel huanzia Mlima Elgon. Malaga ya karibu na Kakuma hushuka kutoka milimani, na maji huweza kufika penye jua kali, usiku au mchana, yakamkuta mtu amelala mchangani na mifugo yake. Ndiyo sababu wa kwanza kutambua ni mbuzi, kwa mlio, si kwa jicho. Taswira hapa ni ya kusikia, na imewekwa hivyo makusudi, maana hatari ya aina hii husikika kabla haijaonekana.

Tazama vitenzi: lainuka, limefura, lachukua. Yule aliyelala chali amesimama. "Lachukua likitaka" ni lugha tunayoitumia kwa mtawala asiyeulizwa. "Na asoomba hupewa" ni kinaya. Sisi Waislamu tuna sala ya kuomba mvua, na Waturkana nao humwomba Akuj, Mungu wao, ambaye jina lake halitengani na wazo la huko juu. Watu wameomba maji kwa miezi. Sasa aliyeomba na asiyeomba wote wanapewa, kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitaka. Kwa hiyo katika shairi hili maji si baraka wala si laana. Ni nguvu isiyojali ombi. Mwanafunzi akiandika "mvua ni ishara ya baraka" kwa ubeti huu, amekosea, hata kama mwongozo wake umesema hivyo.

Ubeti wa tatu unaleta mkoma. Mti huu unatuunganisha, kwani upo Pwani na upo kando ya Turkwel. Wanawake wa pande zote mbili husuka majani yake, na matunda yake huliwa. Sikutaja mnazi, maana mnazi ungeleta picha ya ufuo usiokuwepo. Vitenzi vya mkoma ni vya kukaa: wabaki, limegoma, limeketi. Maji "yamekwenda mbele", shina liko "pale pale". Tabaini hiyo, yaani kuweka vinyume bega kwa bega, ndiyo inayoupandisha mti kuwa ishara ya ustahimilivu. Mtu akisikia ndani ya jina la mkoma kitenzi "koma", vizuri zaidi, kwa sababu mti huu ndio pekee usiokoma.

Mwisho, mama amerudi. Alikuja kwa maji, sasa anakuja kwa majani. Laga nalo limerudi kulala. Kurudiwa huko kunatuonyesha mzunguko: *akamu*, *akiporo*, na *akamu* tena. Mama hakuitwa shujaa hata mara moja. Ameonekana akifanya kazi, basi, na kwa kuonekana mara mbili, kabla na baada ya mafuriko, amekuwa ishara ya wale wanaoibeba nchi.

Kijani si uhai siku zote

Chukua rangi ya kijani. Katika miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipandwa katika maeneo makavu ya Kenya, Turkana ikiwemo, ili kuzuia jangwa lisienee. Ulikua na ukaenea bila kuombwa. Leo umefunga njia za mifugo na kingo za mito, na miiba yake inajulikana na kila mchungaji. Wakazi wa Baringo walifika hadi mahakamani kwa sababu yake. Mshairi wa Lodwar akiandika juu ya kijani kinachosonga mbele, huenda anazungumzia msaada uliogeuka mzigo. Ukiandika "kijani ni uhai" umepoteza shairi zima.

Na jangwa nalo tusilidhulumu. Katika *Al-Inkishafi*, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir takriban miaka 200 iliyopita, dunia inafananishwa na mazigazi ambayo mwenye kiu huyakimbilia akidhani ni maji. Taswira hiyo imo pia katika Qur'ani, Suratun Nur, aya ya 39. Wengi wetu tulioizoea taswira hiyo hatujawahi kuyaona mazigazi katika uwanda mpana. Mtoto anayesafiri kilomita 120 hivi kati ya Lodwar na Kakuma wakati wa adhuhuri ameyaona. Utenzi wa Pate unaweza kumwingia yeye kwa undani kuliko unavyomwingia mtoto wa Mji wa Kale. Mwalimu anayemwambia kwamba fasihi ya Kiswahili ni ya watu wa baharini anamnyima kitu kilicho chake.

Darasa moja, mito mingi

Kakuma lina jambo la ziada. Kambi ilianza mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata jirani yake mwaka 2016. Humo wamo watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Mwalimu akiandika neno "mto" ubaoni, wa Sudan Kusini huenda akaona Nile, wa Kongo akaona maji yasiyokauka chini ya mvua nyingi, wa Turkana akaona mchanga. Kwa mmoja mto ni njia aliyoivuka akikimbia. Kwa mwingine ni mahali pa kuoga na kucheka.

Mwalimu afanye nini? Asifute picha hizo, wala asikubali kila jibu ilimradi limetoka moyoni. Njia ni kuwarudisha wanafunzi katika maneno ya shairi. Waulizwe: mto huu una kitenzi gani? Unachukua au unatoa? Nani yuko kando yake? Umetajwa mara ngapi, na mwisho umebadilikaje? Uzoefu wa mwanafunzi humfungulia picha, maneno ya shairi ndiyo yanayoamua ishara.

Jinsi ya kulijibu swali

Kwa wanaojiandaa kwa mtihani, hatua ni hizi:

1. Orodhesha vitu vya maumbile vilivyotajwa, na vitenzi na vivumishi vilivyoambatanishwa navyo.
2. Jiulize ni neno gani lingeweza kutumiwa badala yake, na kwa nini halikutumiwa.
3. Taja aina ya taswira na hisi inayoguswa. Usiishie kuandika "kuna taswira".
4. Angalia kinachorudiwa, kinachobadilika na kinachowekwa mwishoni. Ishara hupenda kukaa hapo.
5. Sema ishara ni ya nini, kisha dondoa maneno ya shairi yanayothibitisha. Pasipo ushahidi, hiyo ni dhana yako tu.
6. Kumbuka si kila kitu ni ishara. Katika beti zangu, dumu ni dumu. Usilazimishe.

Na kwa walimu na waandishi wa miongozo nina ombi. Acheni kuchapisha ishara kama bei za bidhaa, kila kitu na thamani yake. Mwanafunzi wa Lodwar anayeandika kwamba mvua katika shairi fulani ni hofu, na akatoa vitenzi vitatu kuthibitisha, apewe alama zake kamili. Amesoma vizuri kuliko aliyekariri. Tukimkata alama, tunamfundisha kwamba macho yake hayafai na nchi yake haina cha kusema. Kiswahili ni lugha yake kama ilivyo yetu, na shairi bora la nyika huenda likatoka kwake, sisi tukabaki wasomaji.